Vifaa tunavyo, muda hatuna: barua ya wazi kwa wanaosimamia vyuo vikuu vyetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya umma,

Waheshimiwa, shikamooni.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili ya TEHAMA katika ufundishaji. Chai ya saa nne ilikuwa nzuri, sambusa za nyama zilikuwepo, posho ikaingia kwenye simu kabla hatujafika nyumbani, na cheti nimekitia kwenye faili pamoja na vile viwili vya nyuma. Ni mara ya tatu sasa nafundishwa namna ya kupandisha faili kwenye mfumo wa kujifunzia wa chuo. Najua kupandisha faili, Waheshimiwa. Wanangu wanajua. Ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza, si katika mafunzo ya kwanza wala haya ya tatu, ni lini nitakaa chini kuandaa hicho kitu cha kupandisha.

Mimi ni mhadhiri wa takwimu katika chuo kikuu kimoja cha umma huku mikoani. Nafundisha mwaka wa kwanza, ukumbi wa watu zaidi ya mia tano, wengine wamekaa ngazini, wengine wamesimama nje ya madirisha wakiandikia migongoni mwa wenzao. Siandiki kwa kuwa tumenyimwa. Tumepewa projekta, tumepewa mkongo wa intaneti, tumepewa mfumo, na kila mwaka wa fedha tunaongezewa kingine. Ninachotaka kusema ni kimoja tu, na kitajirudia: kilichopungua ni saa za mwalimu, na saa hizo hazimo kwenye bajeti ya yeyote kati yenu.

Jioni moja nilikaa na kijana wetu wa kitengo cha TEHAMA tukafungua kozi moja baada ya nyingine kwenye Moodle, yaani huo mfumo wa kujifunzia wa chuo. Nyingi zilifanana kama mayai. Juu kuna mtaala wa kozi, chini yake kuna slaidi za mihadhara, pengine mtihani wa miaka ya nyuma, halafu jangwa. Hakuna zoezi wala swali, na jukwaa la majadiliano lina ujumbe mmoja: "Karibuni." Waliosoma miaka ya zamani kidogo wanakumbuka madesa. Mhadhiri aliacha karatasi zake steshenari, mwanafunzi akalipia kila ukurasa, akabeba, akakariri, akaenda kutapika kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Desa lile lile ndilo lililohamia Moodle. Tofauti ni kwamba zamani mwenye steshenari alipata riziki.

Msije mkadhani nawalaumu wahadhiri wenzangu. Kozi zangu zilikuwa hivyo hivyo.

Nchi hii ina historia ndefu na jambo hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye hesabu za Serikali zikaingizwa kwenye mashine kubwa zaidi, watu wa kuiendesha hawakuwa wameandaliwa, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ilichukua karibu miaka ishirini marufuku ile kuondolewa. Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha nchi iliyoogopa maendeleo. Mimi nakisoma tofauti: mashine ilifika, binadamu wake akasahaulika, na lawama akabebeshwa chuma.

Kisha kikaja Chuo Kikuu Pepe cha Afrika. Kilizinduliwa mwaka 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia, na vipindi vya wahadhiri wa ng'ambo vikawa vinarushwa kwa satelaiti hadi kwenye kumbi za vyuo vya Afrika. Mhadhiri wa hapa akageuka kuwa mshika funguo za chumba chenye luninga. Baadaye chuo hicho, makao yake yakiwa yamehamia Nairobi, kilibadili mwendo: kikawakalisha wahadhiri wa vyuo vya Kiafrika waandike wenyewe moduli za hisabati, sayansi na ualimu, zikatolewa bure kwa atakaye. Dishi za satelaiti hakuna anayezikumbuka. Moduli zimebaki, kwa sababu kuna mtu alipewa muda akaziandika.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kilijengwa juu ya wazo hilo tangu siku ya kwanza: mwanafunzi yuko Songea au Bukoba, mwalimu hamwoni, kwa hiyo maandishi yenyewe lazima yafundishe. Kuandika maandishi ya namna hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Sisi wa vyuo vya ana kwa ana tunaifanya saa tano usiku, watoto wakishalala, kama tunaifanya kabisa.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kwa utaratibu wa TCU yenyewe, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi yangu ina krediti 12, yaani saa 120 za mwanafunzi. Mihadhara ni saa tatu kwa wiki na seminari saa moja. Kwa wiki 15 inakuwa saa 60. Zilizobaki ni saa 60 nyingine, nusu ya kozi nzima, ambazo kwenye karatasi zimeandikwa "kujisomea" na "kazi binafsi." Nani anazipanga? Hakuna. Mwanafunzi anaachiwa saa 60 na faili la slaidi. Ukiniuliza TEHAMA ina kazi gani chuoni, nitakujibu kwamba kazi yake ni hizo saa 60. Kunirekodi nikihutubia ukumbini hakuziongezi hata dakika. Mhadhara uliokuwa unachosha ana kwa ana utachosha zaidi kwenye skrini ya inchi tano.

Mwaka juzi niliamua kujaribu. Niliacha slaidi kama zilivyo, nikaanza kuandika maswali ya kujipima, yale ya kuchagua jibu, lakini kila jibu lisilo sahihi nikaliandikia maelezo yake. Mfano: nimempa mwanafunzi bei za debe la mahindi kwa wauzaji tisa, mmoja wao anauza mbegu ya kisasa kwa bei mara sita ya wenzake, namwuliza ni namba gani inasema ukweli wa soko lile. Anayechagua wastani, mfumo haumwambii "umekosa" ukanyamaza. Unamwonyesha jinsi muuzaji mmoja alivyouvuta wastani hadi ukafika mahali ambapo hakuna mtu anayeuzia, kisha unamrudisha kwenye namba ya katikati. Swali la namna hii lilinila saa nzima, wakati mwingine zaidi, kwa sababu huwezi kuandika jibu baya la kuaminika mpaka ujiulize mtu makini anapotea wapi. Nilipofika swali la 140 semista ikawa imeisha, na mimi nimeisha.

Sina takwimu za kuwatambia; kozi moja ya mwalimu mmoja haithibitishi kitu, na ningemrudishia mwanafunzi wangu karatasi kama angeandika kuwa inathibitisha. Nitawaambia nilichokisikia tu. Kabla ya maswali yale, mwanafunzi akinifuata ofisini huuliza, "Mwalimu, hii itatoka?" Semista ile walikuja kuuliza kwa nini wastani unadanganya. Binti mmoja alikuja na orodha ya mishahara ya kampuni ya shemeji yake akataka tuizungumzie. Tulikaa hadi mlinzi akaja kufunga.

Ulipofika wakati wa kujaza fomu za kupanda daraja, nilitafuta mahali pa kuyaandika maswali yangu 140. Kuna sehemu ya makala za majarida, vitabu, sura za vitabu, mawasilisho ya makongamano. Kila kimoja kina alama zake. Kwa maswali ya kufundishia yanayotumiwa na watu zaidi ya mia tano kila mwaka, niliambiwa niyataje kwenye "mengineyo," ambako hakuna alama. Mwenzangu ambaye mwaka huo huo hakugusa kozi yake hata kidogo alitoa makala mbili kwenye jarida ambalo sidhani kama mhariri wake amezisoma. Alipanda. Simwonei wivu, ana watoto wa kusomesha kama mimi, na ameusoma mchezo vizuri kuliko mimi. Lakini mchezo huo mmeupanga nyinyi.

Hapa ndipo penye fundo lote. Mnaweza kutuletea mfumo mpya kila baada ya miaka mitano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipita WebCT, kikapita Blackboard, kikafika Moodle, na vingine tumefuata nyuma. Maadamu saa yangu moja ya kuandaa kozi haina thamani yoyote mbele ya kamati ya kupandisha daraja, na saa ile ile nikiitumia kuandika makala ina thamani, mfumo utabaki ghala la slaidi hata mkiuleta wa dhahabu.

Niseme kuhusu WhatsApp, kwa sababu nadhani huko juu hamjui kinachoendelea huku chini. Mfumo halisi wa kujifunzia wa vyuo vyetu ni grupu la WhatsApp, na msimamizi wake ni kiongozi wa darasa, CR kama tunavyomwita. Ratiba ikibadilika, CR ndiye anayejua kwanza. Slaidi nikiziweka Moodle saa mbili, saa mbili na dakika tano CR ameshazishusha na kuzirusha kwenye grupu, na wenzake mia tano wanazipata hapo bila kuingia kwenye mfumo kabisa. Ripoti ya chuo inasema wanafunzi hawatumii mfumo. Wanautumia kupitia kijana mmoja wa miaka ishirini asiyelipwa, ambaye simu yake ikiibiwa kozi nzima inapofuka.

Nilipochunguza kwa nini, jibu halikuwa uvivu. Ni bando. Kifurushi cha WhatsApp ni rahisi, na mfumo wa chuo unakula data ya kawaida. Mwanafunzi mwenye mkopo anapewa na Bodi ya Mikopo shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, na humo humo inatoka nauli, sabuni na vocha. Asiye na mkopo nisimwongelee. Mnapomwambia aingie kwenye mfumo kila siku, mnamwambia achague kati ya swali langu la mahindi na sahani ya wali maharage. Jioni utawakuta wamejipanga kwenye ukuta wa nyuma ya maktaba kama ndege kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo Wi-Fi ya chuo inapofika. Vyumba vya bweni haifiki. Kuna mmoja nilimkuta anafanya jaribio langu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anainamisha kichwa ili asome mstari uliokatwa na ufa. Mimi ndiye niliyeweka jedwali la safu tisa kwenye swali lile. Niliandika nikiwa kwenye kompyuta yangu yenye skrini pana. Nikaenda kulibadilisha usiku huo huo.

Kitu kingine nilichojifunza kwenye grupu: niliwahi kurekodi sauti ya dakika nne, kwa Kiswahili, nikieleza maana ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, kwa mfano wa daladala zinazochelewa. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, najua, na slaidi zangu ni za Kiingereza. Sauti ile ilizunguka hadi kwa wanafunzi wa vyuo vingine, na wengine wananitumia salamu mpaka leo. Dakika nne za sauti hazimalizi bando la mtu. Hilo ni la kufikiria na wenzangu wa sera ya lugha. Mimi naliacha hapo.

Mwaka 2020 ungepaswa kutufundisha. Machi vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, Juni 1 vikafunguliwa. Kwetu, miezi ile yote mfumo ulikuwepo, umeme ulikuwepo, na hakuna kozi hata moja ya idara yangu iliyoendelea, kwa sababu hapakuwa na kozi ndani ya mfumo wa kuendelea nayo. Afrika Kusini mwaka huo huo mitandao ya simu iliruhusu tovuti za vyuo vikuu zifunguliwe bila kukata bando la mwanafunzi. Kwetu mazungumzo kama hayo yakianza huishia kwenye makubaliano ya kupigwa picha. TCU ikikaa na kampuni za simu kwa niaba ya vyuo vyote kwa pamoja, ina nguvu ambayo chuo kimoja kimoja hakina. Naomba mkae.

Halafu mkumbuke Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima kwa siku kadhaa. Huduma zilizo kwenye seva za ng'ambo zilikwenda kwa kuchechemea. Mfumo wa chuo ukiwa kwenye seva iliyopo chuoni, mwanafunzi aliye kampasi anaufikia hata bahari ikatike. Nasema hivi kwa sababu sasa kuna mtindo wa kuhamishia kila kitu "kwenye wingu" la nje, na wauzaji wake wana slaidi nzuri kuliko zangu. Waulizeni kwanza kuhusu Jumapili ile. Pia programu ya Moodle ya simu inaruhusu mwanafunzi kushusha somo akiwa ukutani pa maktaba akalisome bwenini bila mtandao. Ni bure. Katika mafunzo matatu niliyohudhuria hakuna aliyeitaja.

Maabara za kompyuta nitazipitia haraka. Mashine arobaini kwa wanafunzi mia tano, zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda semina. Fungueni usiku. Mlipeni mlinzi na fundi wa zamu. Itatosha.

Akili unde nayo imeshaingia, na haikubisha hodi. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, insha ninazokusanya zimekuwa na Kiingereza safi kuliko changu. Vyuo vimejibu kwa kununua programu za kukamata kazi zilizoandikwa na mashine. Mimi ningependa fedha hiyo inunue kitu kingine: mhadhiri msaidizi wa pili kwenye kozi kubwa, ili mwanafunzi aeleze kazi yake kwa mdomo dakika tano mbele ya binadamu. Hakuna mashine itakayomsaidia hapo. Lakini dakika tano mara mia tano ni zaidi ya saa 40, na tumerudi pale pale pa saa.

Mradi wa HEET, wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umeleta majengo, umepeleka wahadhiri masomoni, umehuisha mitaala. Nashukuru, na simaanishi kinafiki. Kuna kampasi zinainuka mikoani ambako hapakuwa na kitu. Mitaala iliyohuishwa ni karatasi. Ndani ya kila mtaala kuna kozi, na ndani ya kila kozi kuna zile saa za kujisomea zisizo na mwenyewe. Ninachoomba hakihitaji mkopo mwingine.

Mheshimiwa Waziri, na Makamu Wakuu mnaokaa kwenye mabaraza: wekeni kwenye vigezo vya kupanda daraja mstari mmoja unaoihesabu kozi iliyoandaliwa vizuri kwa TEHAMA kama chapisho, ikaguliwe na wanataaluma wenzetu wa chuo kingine kama makala inavyokaguliwa, na ikishindwa irudishwe kama makala inavyorudishwa. Sitaki zawadi ya bure kwa atakayepandisha slaidi. Mhadhiri anayekubali kujenga kozi ya namna hiyo apunguziwe vipindi kwa semista moja, kwa maandishi, mkuu wa idara asiweze kumgeuka katikati. Na kozi za mwaka wa kwanza zinazofundishwa kila chuo, takwimu, stadi za mawasiliano, utangulizi wa uchumi, zisiandaliwe mara ishirini na watu ishirini waliochoka. TCU iwakalishe wachache kutoka vyuo mbalimbali, iwape muhula mmoja, kazi yao iwe ya vyuo vyote. Maswali yangu 140 natoa bure kwa kuanzia. Mengine yana makosa, nayajua, na wenzangu watayaona zaidi yangu.

Semista mpya inafunguliwa wiki ijayo. CR mpya ameshachaguliwa, ameniandikia jana usiku saa sita kasoro: "Shikamoo mwalimu, tunaomba slaidi mapema." Nimemjibu marahaba. Slaidi sijamtumia, nimemwomba aje ofisini na simu yake tuweke ile programu ya Moodle pamoja, halafu yeye akawaonyeshe wenzake. Anakuja Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kipindi, kwa sababu ni saa pekee niliyonayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri wa takwimu, mwaka wa kwanza